Ofa Mbili Mezani, Watoto Wawili Nyumbani: Vidokezo kwa Mzazi Anayechagua Kazi

Machi ya mwaka juzi nilipata barua mbili za ajira ndani ya siku nne. Ya kwanza ilitoka kampuni ya mizigo kule Posta, Dar es Salaam, karibu na Kivukoni: mshahara shilingi 1,400,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ya pili ilitoka kwa wasambazaji wa vifaa vya ujenzi pale Ubungo: shilingi 1,150,000. Mimi ni mhasibu. Mke wangu ni muuguzi anayefanya kazi kwa zamu. Tunaishi Kimara Korogwe, na wakati ule watoto wetu walikuwa na miaka saba na miaka miwili na nusu.

Kila niliyemwonyesha zile barua alinijibu kabla sijamaliza kueleza: "Chukua ya Posta, hapo kuna cha kufikiria?"

Kipo, tena kingi. Tulikaa nazo wiki nzima, mimi na mama watoto, na yale tuliyoyafanya wiki ile ndiyo ninayowapa wenzangu kila wanapokuja na barua zao. Nimeyapanga kwa namba ili uyafuate ukiwa na kalamu mkononi.

1. Chora Jumanne yako, saa kwa saa

Mshahara uache kwanza. Chukua karatasi mbili, juu ya kila moja andika jina la kazi, halafu jaza siku moja ya kawaida tangu unapoamka hadi unapozima taa. Nachagua Jumanne kwa sababu Jumatatu ina fujo zake na Ijumaa kila mtu ana ahadi. Jumanne ndiyo maisha yenyewe. Nani anamwogesha mdogo? Nani anamsindikiza mkubwa kwenye gari la shule? Nani anampokea? Daftari la kazi za nyumbani nani analifungua, na saa ngapi?

Karatasi yangu ya Posta ilisomeka hivi. Saa 10:30 alfajiri naamka. Saa 11:15 niko kituo cha mwendokasi cha Korogwe, ambako basi hufika limeshajaa tangu Kimara Mwisho, kwa hiyo inabidi nirudi nyuma nigeuze nalo ili nipate pa kusimama vizuri. Saa 11 jioni natoka kazini. Foleni ya kuingia basi Kivukoni, msongamano, Morogoro Road yote mpaka Korogwe, halafu bodaboda hadi getini: saa 1:45 usiku. Mdogo wetu hulala saa 2. Ninazo dakika kumi na tano na mtoto aliyeshapiga miayo.

Karatasi ya Ubungo: natoka saa 11 jioni, saa 12 kasoro robo niko nyumbani. Jua bado lipo. Mdogo yuko uani na ndoo yake ya mchanga.

Saa mbili kila siku ya kazi ni saa kumi kwa wiki. Kwenye barua zote mbili hakuna mstari unaozitaja.

Na usiijaze karatasi kwa kukisia. Panda ile njia mwenyewe siku ya kazi, asubuhi na jioni, kwa muda uleule utakaokuwa unasafiri. Mimi niliipanda Jumatano yenye manyunyu. Nilijua pia kwamba mvua kubwa za masika zikishuka, maji ya Jangwani huweza kusimamisha mabasi, na mtu wa Posta akabaki mjini anatafuta njia nyingine ya kupandisha Kimara. Siku ya namna hiyo nani atakuwa na watoto? Jibu liandike kwenye karatasi hiyohiyo.

2. Ulizia tarehe mbaya

Kila kazi ina siku zake ngumu. Mwalimu ana wiki za mitihani, mtu wa benki ana mwisho wa mwezi, mtu wa hoteli ana Krismasi na Pasaka. Sisi wahasibu tunazo kwenye kalenda: tarehe 7 ni mwisho wa kuwasilisha PAYE, tarehe 20 ni ritani ya VAT, na katikati yake kuna kufunga mwezi. Tatizo haliko kwenye hizo tarehe. Tatizo ni kutozijua kabla hujasaini.

Nilijifunza hili katika kazi yangu ya nyuma. Ilikuwa tarehe 7, mfumo wa kuwasilisha ulikuwa mzito tangu asubuhi, na bosi alitaka kila kitu kiishe siku ileile. Mke wangu alikuwa zamu ya mchana. Gari la shule lilikuwa limeharibika, na shule ilituma ujumbe kwamba wazazi tuwachukue watoto wenyewe. Ujumbe niliuona saa 12 jioni. Nilifika shuleni saa 1 na dakika ishirini, giza limeshaingia. Mwanangu alikuwa kwenye benchi la mlinzi, begi bado liko mgongoni, miguu haigusi chini. Mlinzi alikuwa amenunua hindi la kuchoma, amelivunja vipande viwili. Mtoto alikuwa ameshikilia kipande chake bila kukila. Aliponiona hakulia. Aliniambia tu, "Baba, nilikuwa nahesabu magari." Nilimuuliza amefika ngapi. Mia mbili na kumi na nne.

Namba ile sijaisahau, na ndiyo iliyonifanya nianze kutafuta kazi nyingine.

Kwa hiyo kwenye usaili, baada ya wao kumaliza maswali yao, wewe uliza: "Kwa nafasi hii, ni siku zipi za mwezi watu huchelewa kutoka, na huchelewa hadi saa ngapi?" Swali hili ni la mtu anayeijua kazi yake. Anayekujibu kwa tarehe na saa anaijua ofisi yake. Anayekujibu "hapa sisi ni familia, tunasaidiana tu," mrudie swali.

3. Shusha mshahara mpaka ufike mkononi

Hapa niruhusu nitulie kidogo, maana ndiyo kazi yangu, na ndipo nimeona wazazi wengi wanaumia.

Tuchukue zile ofa mbili, tuchukulie kwamba mshahara wote ni wa msingi, na kwamba mhusika, kama mimi, bado analipa mkopo wa elimu ya juu.

Posta: 1,400,000. Toa NSSF asilimia 10, yaani 140,000. Inabaki 1,260,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi. Kwa viwango nilivyokokotoa navyo, milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000, na kinachozidi milioni hukatwa asilimia 30. Hapa kilichozidi ni 260,000, kodi yake 78,000. Jumla ya kodi 206,000. Kisha Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 210,000. Kinachofika mkononi ni 844,000.

Ubungo: 1,150,000. NSSF 115,000. Inabaki 1,035,000, kodi yake 138,500. Bodi ya Mikopo 172,500. Mkononi: 724,000.

Kwenye barua, ofa zimeachana kwa 250,000. Mkononi zimeachana kwa 120,000. Zaidi ya nusu ya tofauti imeishia njiani. Ukishavuka milioni, kila laki inayoongezeka inakupa, baada ya makato yote hayo, shilingi 48,000 tu ukiwa na mkopo, au 63,000 kama huna.

Sasa toa gharama ambazo kazi yenyewe inazileta. Nauli na chakula cha mchana kule mjini vingenigharimu kama shilingi 3,000 zaidi kwa siku, na kwa siku 22 za kazi hiyo ni 66,000. Dada anayetusaidia nyumbani angebaki na watoto saa mbili zaidi kila jioni, na ni haki alipwe: tulikadiria 40,000. Tofauti iliyobaki ni 14,000.

Elfu kumi na nne kwa mwezi. Niliandika kile kiasi chini ya karatasi, nikakizungushia duara, nikampelekea mke wangu jikoni. Alikitazama muda mrefu, akarudi kukoroga ugali.

Ila hesabu iwe ya haki pande zote. Makato ya NSSF hayapotei, ni akiba yako, na mwajiri naye kwa kawaida anaweka asilimia 10 yake. Mshahara mkubwa unakuza mafao. Mkopo wa Bodi nao unalipwa haraka zaidi. Na nyongeza za kila mwaka zikitolewa kwa asilimia, zinaanzia kwenye namba uliyoanza nayo. Yaandike hayo pia.

4. Tenganisha mshahara wa msingi na posho

Barua ikisema "jumla 1,400,000" uliza imegawanywaje. Kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, na mkopo wa Bodi hukatwa kwenye huohuo. Posho ya usafiri inaweza kuondolewa siku kampuni ikibana matumizi. Mshahara wa msingi kuuondoa si rahisi hivyo.

5. Kuna wakati fedha ishinde, na usione haya

Nimesema mengi juu ya saa za jioni. Lakini kama nyumbani kuna deni la kikoba linalolia kila wiki, mama yako kijijini anasubiri operesheni, au ada ya mkubwa imekwama na shule imeshaanza kuwarudisha watoto nyumbani, basi elfu hamsini ya ziada si ndogo, na mzazi anayeifuata mjini hajawatupa watoto wake. Anawalisha. Nina rafiki aliyechagua kazi ya mbali kwa miaka miwili tu, akajiwekea mwisho kwenye kalenda, akalipa kila alichodaiwa, akarudi kutafuta ya karibu. Mwisho ule uliandikwa, mkewe aliujua, na ndiyo maana walivuka.

6. Bima: soma majina, usisome nembo

"Tuna bima nzuri" bado haijakueleza kitu. Uliza inabeba akina nani. Mwanachama wa NHIF anayechangia kupitia ajira huwa na mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Bima za kampuni binafsi kila moja ina hesabu yake. Nyingine zinaishia kwa mke na watoto, wazazi hawaingii. Uliza mtoto atakayezaliwa anaingizwa lini, magonjwa ambayo tayari mnayo yanahesabiwaje, na hospitali iliyo karibu na nyumbani kwenu imo kwenye orodha au haimo. Mdogo wetu ana pumu. Saa nane za usiku, dawa ya kuvuta imeisha na kifua kinapiga filimbi, hospitali ya kifahari iliyoko Masaki haitusaidii watu wa Kimara. Kwenye orodha ya Ubungo zahanati ya mtaani kwetu ilikuwemo. Kwenye ile nyingine haikuwemo. Ukiniuliza, hili peke yake lilikuwa na uzito wa laki.

7. Kakae kwa mama lishe

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Mbele ya kila ofisi ya Dar kuna mama lishe, muuza maji, mlinzi wa maegesho au kijana wa bodaboda, na hao wanaijua ofisi kuliko tovuti yake. Nenda saa 10:30 jioni, agiza chai na chapati, kaa. Tazama watu wanatoka saa ngapi. Tazama wanatoka namna gani, wanacheka wawiliwawili au kila mmoja amevuta uso. Taa za ghorofa ya uhasibu zinazimwa saa ngapi?

Nilifanya hivyo kote kuwili. Kule Posta nilikaa mpaka saa 1 usiku, na madirisha sita ya ghorofa ya tatu yalikuwa bado yanawaka. Mama aliyenipa chai alianza kukusanya masufuria. Nilimuuliza kama anatunza chakula kwa wanaotoka usiku. "Mwisho wa mwezi nawapikia mpaka ndizi, baba. Wanaagiza saa kumi na mbili, watoto wa watu."

Mzazi mwenzio anayefanya kazi mle ndani ndiye wa pili kumuuliza. Mwombe dakika tano kwa simu, na umuulize jambo moja tu: mara ya mwisho mwanao alipougua, nini kilitokea kazini?

8. Jua sheria inakupa nini kabla ya kushukuru

Mara nyingi barua ya ofa hupamba kama zawadi kitu ambacho ni haki yako. Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Likizo ya mwaka ni siku 28, na hapo Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo ndani, kwa hiyo ni wiki nne. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Baba ana siku 3. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Wiki ya kazi haizidi saa 45, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.

Ofa inayotangaza "siku 28 za likizo" haijakuongezea chochote. Inayotoa wiki mbili kwa baba imekuongezea, na hiyo iandike kwenye karatasi yako. (Wenzetu wa Kenya wanazo wiki mbili hizo kwa sheria yao ya 2007. Zanzibar nao wana sheria yao ya ajira ya 2005, kwa hiyo ofa ikiwa ya Unguja isome kwa macho hayo.)

Mambo mawili huwashtua wazazi. La kwanza: mtoto akiugua, sheria inakupa angalau siku 4 zenye malipo, lakini ni kwa mzunguko mzima wa likizo, hazianzi upya kila anapopata homa. Ndiyo maana desturi ya ofisi juu ya mtoto mgonjwa ina thamani kuliko maandishi. La pili: masharti ya saa za kazi hayamhusu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukipewa cheo cha umeneja pamoja na laki tatu za nyongeza, huenda pia umekabidhi jioni zako. Uliza kabla ya kufurahia kadi mpya za jina.

Na kama kwenye usaili utaulizwa, "Una watoto wadogo, utaweza?" ujue sheria hiyohiyo inakataza kubaguliwa kwa sababu ya ujauzito au majukumu ya kifamilia. Mjibu kwa utulivu, halafu nenda ukaliandike swali hilo kwenye karatasi ya kazi yake. Limekueleza jambo kuhusu pale mahali.

9. Miezi sita ya mwanzo

Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri hana kinga ile ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Basi usihamie kazi mpya mwezi uleule mnaohama nyumba, mama anajifungua, au mnambadilisha mtoto shule. Kama tarehe ya kuanza inaweza kusogezwa wiki tatu, iombe isogezwe. Na kazi ya zamani usiiandikie barua ya kuacha mpaka mkataba mpya umesainiwa na pande zote mbili. Ofa ya mdomo haina mahali pa kuifuatilia.

10. Muulize dada

Kuna mtu ambaye siku yake itabadilika kuliko yako, na mara nyingi hatumuulizi. Ni yule binti anayekaa na watoto wetu. Mzazi akirudi saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili, ni dada ndiye anayeongezewa saa mbili, baada ya kuwa amesimama tangu alfajiri.

Tulimwita sebuleni, tukamweleza kazi zote mbili. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba Amani, mkirudi usiku mimi nitaweza. Ila shule yangu ya cherehani ni saa kumi na mbili jioni." Alikuwa amejiandikisha mafunzo ya kushona mtaa wa pili, siku tatu kwa wiki, na sisi tulikuwa tumemkubalia wenyewe miezi miwili nyuma. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kuchukua kazi ya Posta kulimaanisha kumkatisha.

Dada wa kazi ni mfanyakazi, sheria inamhusu kama inavyonihusu mimi, na mapumziko ya siku moja kwa wiki ni yake. Lakini hata bila sheria: watoto wako wanashinda mikononi mwa huyu binti. Mipango yake iwe na mstari wake kwenye karatasi zote mbili. Na kama anayebaki na watoto ni bibi yao, umri wake na magoti yake yahesabiwe. Bibi hatasema hapana. Kwa hiyo wewe ndiye wa kuliona.

11. Weka ratiba ya mwenzio juu ya yako

Zamu za mke wangu zilibandikwa kwenye mlango wa jokofu. Tulichukua kalamu nyekundu, tukatafuta siku ambazo sote wawili tungekuwa nje saa 12 jioni. Kwa Posta zilikuwa kumi na moja kwa mwezi. Kwa Ubungo mbili. Fanyeni hivyo hata kama mwenzio hana zamu, kwa sababu ana duka, ana safari, ana kwaya Alhamisi. Na kama unalea peke yako, basi zungusha siku ambazo hakuna mtu mzima mwingine wa kumpigia simu, halafu andika majina matatu ya watu unaoweza kuwapigia. Yakipatikana mawili tu, kazi ya mbali ni hatari.

12. Ofa ya mkoa mwingine

Tangu serikali ihamie Dodoma, ofa za namna hii ni nyingi. Na tangu treni ya umeme ianze safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024, nimewasikia wazazi wakisema, "Nitakuwa narudi kila Ijumaa." Inawezekana, na wapo wanaofanya. Ila treni imefupisha Ijumaa. Jumatano usiku, mtoto akiwa na joto la 39, Dodoma bado ni Dodoma. Kama mnaweza kuhama wote, uliza kama mwajiri analipa gharama za kuhamisha familia na mizigo, na hama na kalenda ya shule: Januari, mwaka unapoanza. Aliye darasa la saba mwache amalize mtihani wake wa Septemba.

13. Omba saa, usiombe fedha tu

Watu hujadiliana mshahara mpaka jasho, saa wanaziacha. Mwajiri mdogo anaweza kushindwa kukuongezea laki, lakini akaweza kukupa nusu saa bila kupoteza kitu. Nililiandika ombi langu kwa barua pepe, sawasawa kwa waajiri wote wawili:

"Nashukuru kwa nafasi hii na ningependa kuikubali. Naomba siku ambazo mwenzangu yuko zamu ya mchana, ambazo ni kama mbili kwa wiki, niingie saa 1 asubuhi na kutoka saa 10 jioni. Tarehe 1 hadi 7 na siku za ritani nitabaki mpaka kazi iishe. Ratiba nitaileta mwanzoni mwa kila mwezi."

Ombi liwe na mipaka, liseme utatoa nini, na liwe jambo wanaloweza kulijibu ndiyo au hapana. Posta walinijibu kwa upole kwamba saa ni zilezile kwa wote. Hilo naliheshimu, na afadhali waliniambia mapema. Ubungo walinipigia simu siku ileile. Meneja, mama mtu mzima, aliniuliza watoto wangapi, wana miaka mingapi, kisha akasema, "Lete hiyo ratiba, kijana wangu. Nami nililea." Nilimwomba aniandikie kwenye barua pepe, na hakukasirika. Neno zuri la meneja hudumu mpaka meneja anapohamishwa.

14. Mwambie mtoto

Mwenye miaka saba anaelewa. Usimpe mzigo wa kuamua, mweleze tu. Wetu alisikiliza yote, habari za Posta na bahari na ghorofa, halafu akauliza, "Nani atakuwa ananisubiri gari likifika?" Kwenye karatasi zetu swali hilo lilikuwa mstari wa saa kumi.

15. Inayobaki, ikatae vizuri

Tulichagua Ubungo. Imetugharimu: kiwanja chetu cha Kibaha bado kina msingi tu, na mdogo wa mke wangu ilibidi asubiri mwaka mmoja kuanza chuo. Sitaki usome hapa ukadhani hakuna tulichoacha.

Ndiyo maana ofa unayoiacha iachwe kwa heshima. Watoto wanakua. Mdogo akishaingia shule na mkubwa akaweza kujifungulia mlango, jioni zitakuwa na sura nyingine, na mlango uliouacha wazi unaweza kuhitajika. Usinyamaze ukawaacha wanakusubiri. Piga simu kwanza, ndani ya siku moja au mbili baada ya kuamua, kisha andika. Huu ndio ujumbe wangu kwa dada aliyeniandikia kutoka Posta:

"Dada, habari za asubuhi. Nashukuru sana kwa ofa yenu na kwa muda mlionipa. Nimekaa na familia na nimeamua kuchukua nafasi iliyo karibu na nyumbani, kwa sababu watoto wangu bado wadogo. Kazi yenu niliipenda. Mkiwa na nafasi nyingine miaka ijayo, nitafurahi kusikia kutoka kwenu."

Niliutuma saa nne asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukimya. Mchana simu ililia: "Asante kwa kusema mapema, kaka. Wengi hupotea tu. Wa kwangu ana miaka mitatu, nakuelewa kabisa." Namba yake bado ninayo. Kila sikukuu ya Idi tunatumiana salamu, na mwaka huu aliniuliza kama mdogo wetu ameshaanza chekechea.